Kamusi ya visawe ya kwenye simu: nyota mbili, na zote mbili ni za ukurasa mmoja

Naanza na ubaya kabla ya uzuri maana nikianza na uzuri mtasema nimelipwa. Hii programu nimekaa nayo miezi tisa sasa, nililipia ya mwaka mzima kwa ile tamaa ya kupunguziwa bei, na kazi yangu ni kutafsiri, vipeperushi, maelezo ya vifaa, manukuu ya video, chochote kinachokuja, kwa hiyo kamusi mi naifungua mara nyingi kuliko ninavyofungua friji. Jina lake silitaji, kwanza sitaki kesi, pili zipo kadhaa zinazofanana na zote zinakosea palepale, ukisoma utajua ya kwako iko kundi gani.

Inavyofanya kazi ni hivi, unaandika neno la Kiingereza au la Kiswahili, inakupa maana fupi, alafu chini inakumwagia visawe kwenye vidude vya bluu vya mviringo, unabonyeza kimoja kinaingia kwenye maandishi yako moja kwa moja. Raha sana hiyo. Ndo mtego wenyewe pia, maana vidude vyote vina rangi moja na ukubwa mmoja, hakuna cha kukuambia hiki ni ndugu wa tumbo moja, hiki ni jirani, na hiki ni mpita njia aliyeomba maji ya kunywa.

Neno lililonichongea ni despair, la Kiingereza la kukata tamaa. Nilikuwa na kijitabu cha ushauri nasaha, kurasa 12, cha kugawa kwa watu wanaopitia kipindi kigumu, na usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi nikaandika hilo neno nikapewa hivi, kwa mpangilio huuhuu: huzuni kubwa, majonzi, simanzi, fadhaa, kuvunjika moyo, sonona, kukata tamaa, matumaini. Mmeliona la mwisho? Matumaini. Nitarudi hapo. Mi na usingizi wangu nikabonyeza la kwanza, huzuni kubwa, nikaiambia ibadilishe kila mahali, nikatuma, nikalala.

Asubuhi faili limerudi limejaa wino mwekundu. Ukurasa wa tatu kulikuwa na sentensi ya kumwambia msomaji kwamba despair na huzuni ni vitu viwili, na kwenye Kiswahili changu ikawa inasomeka "Huzuni kubwa si sawa na huzuni, hata kama huzuni hiyo ni kubwa." Nimeisoma mara tatu natafuta pa kujificha. Pembeni yake mhariri wa wale wateja, mama mtu mzima aliyefanya kazi ya ushauri miaka mingi, kaandika: "Huzuni kubwa ni ya aliyefiwa. Huyu hajafiwa." Basi, hakuongeza neno.

Nikampigia. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikaanza kujitetea kwamba kamusi ndo imesema hivyo. Akacheka. Akaniambia mwanangu, mwenye huzuni ukimwambia njoo kesho tuongee atakuja, atalia njia nzima lakini atakuja, aliyekata tamaa atakuuliza kesho ipi. Aisee. Hilo "kesho ipi" sijalikuta kwenye kamusi yoyote ya mkononi na naona maana yote ya neno imo humo, huzuni inaangalia kilichotokea, kukata tamaa kunaangalia mbele kukaona hakuna kinachokuja. Unaweza kuongeza huzuni kilo kwa kilo mpaka mizani ikatike na bado hujafika kwenye kukata tamaa, ni bidhaa nyingine kabisa.

Toka siku hiyo nikawa naipima programu kwa hilo neno moja na ukoo wake, yani kama mtu anayenunua redio akaipima kwa stesheni moja anayoijua vizuri. Na haya ndo niliyoyakuta.

Upande wa huzuni imejitahidi kwa wingi, hilo siwanyimi. Huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, ghamu, kihoro, yote yamo. Tatizo imeyamwaga kama mchanga. Huzuni unaweza kuwa nayo hata kwa safari iliyoharibiwa na mvua, majonzi yana harufu ya msiba, simanzi ni ile ambayo watu wamekaa chumba kizima na hakuna anayeanza kuongea, jitimai na ghamu siku hizi zinaishi zaidi kwenye mashairi, ukiziweka kwenye kijitabu cha ushauri mgonjwa atadhani unamtungia utenzi. Kihoro ndo kikali, ni uchungu wa kupotelewa unaomwangusha mtu kitandani, watu husema fulani amekufa kwa kihoro na hakuna anayeuliza ni ugonjwa gani huo. Lakini hata kihoro kina kitu kilichokisababisha, kina jina la aliyeondoka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema mlango umefungwa.

Ushahidi wangu mkubwa wa hili ni Nabii Yakobo. Waliopita madrasa wanaijua sura ya 12 kwenye Kurani, sura ya Yusufu, mzee analia kwa kumpoteza mwanawe mpaka macho yake yanageuka meupe kwa huzuni, hiyo ni aya ya 84. Aya ya 87, yani aya tatu tu mbele, mzee huyohuyo na macho yake hayohayo anawaambia wanawe nendeni mkamtafute Yusufu na ndugu yake na msikate tamaa na rehema ya Mungu. Sasa weka hapo vidude vyako vya bluu, badilisha moja kwa lingine uone. Mtu amepofuka kwa huzuni na bado anatuma watu wakatafute! Kama hayo maneno mawili ni visawe basi mzee alikuwa anawakataza kitu anachokifanya mwenyewe. Na angalia tena, huzuni haikukatazwa, kukata tamaa ndo kumekatazwa, maana huwezi kumwambia mtu usihuzunike akaacha kama anavyoacha kufungua dirisha, ila kukata ni kitendo, kina mkono.

Hapo kwenye kukata ndo programu ilipoanguka vibaya zaidi. Nikatafuta neno tamaa lenyewe. Imeniletea uroho, uchu, ulafi, na methali ya tamaa mbele mauti nyuma, alafu chini kabisa bila mstari wa kutenganisha imeandika "kata tamaa" kama mfano wa matumizi. Yani mtu anayejifunza Kiswahili akisoma pale ataelewa kwamba kukata tamaa ni kuacha uroho, jambo jema, hongera. Tamaa imetoka Kiarabu na imebeba mizigo miwili toka zamani, ule wa kutaka kupita kiasi na ule wa kutarajia, ule wa pili watu wazima bado wanautumia, utasikia "tulikuwa na tamaa kwamba atapona", hapo hakuna fisi wala ulafi. Anayekata tamaa anakata hiyo ya pili.

Na kata nayo si neno la kupita hivihivi. Tunakata kiu, tunakata shauri, mtu anakata roho, ukimchukia mtu unakata mguu kwake. Mi napenda kuweka kukata kiu na kukata tamaa sahani moja, zote mbili kulikuwa na kitu unakitaka na sasa hukitaki tena, ila kiu imekatika kwa sababu umekunywa, tamaa imekatika na kikombe hakijawahi kufika. Sijui kama kuna lugha nyingi zinazoweza kuonyesha hilo kwa kitenzi kimoja, sisi tunacho bure na programu inatuambia ni huzuni kubwa.

Alafu minyambuliko, jamani. Kiswahili hakina nomino ya haraka ya despair, jaribu kusema "ukataji tamaa" uone inavyosikika kama idara kiwandani. Utajiri wetu uko kwenye kitenzi. Nimekata tamaa, hiyo yangu mwenyewe. Nimemkatia tamaa, hiyo ni juu ya mtu mwingine, mi niko salama na chai yangu. Amekatiwa tamaa, hapo watu wamekaa pembeni ya kitanda wakaamua, yeye mwenyewe labda bado anataka uji. Amejikatia tamaa, hii ndo nzito kuliko zote, maana anayekata na anayekatiwa ni mtu mmoja. Na wamenikatisha tamaa, ambayo kwa matumizi ya leo imeshachuja, matokeo ya kukatisha tamaa ni matokeo mabovu tu, mtu anasema timu imemkatisha tamaa na wiki ijayo yuko mbele ya televisheni na jezi kavaa. Programu haina hata moja ya hizi! Nimeandika "jikatia tamaa" ikaniuliza "Je, ulikusudia: katia tiketi?" Nina skrinshoti.

Kuvunjika moyo wameiwekea maana ya kuachwa na mpenzi. Najua kimetoka wapi, ni kile cha Kiingereza kimevalishwa kanzu, na vijana sasa wanakitumia hivyo kwenye nyimbo na meseji, sawa, lugha inatembea, lakini ile maana ya siku zote imeenda wapi? Kuvunjika moyo ni mwanafunzi aliyekazana akapata alama mbovu, ni fundi aliyeambiwa bomoa uanze upya, hamu ya kuendelea imeshuka. Ndo maana dawa yake iko palepale kwenye neno, mtie moyo, mpe moyo, jipe moyo. Kufa moyo ni ngazi moja chini, huyo ameacha kujaribu. Lakini bado tunaongelea moyo, ile nguvu ya kufanya, hatujagusa tamaa, ile ya kutarajia, na hivi viwili vinaweza kutengana kabisa. Kuna mtu ana tamaa hana moyo, anaamini mtihani unapitika ila hana nguvu ya kufungua daftari. Na kuna mtu ana moyo hana tamaa, anaamka, anafua, anaenda kazini, analisha watoto, anajibu salamu, na ndani hategemei chochote tena, huyu wa pili hatumwoni mapema kwa sababu mambo yake yote yanaenda. Kijitabu changu kilikuwa kinamtafuta huyo hasa, na mi nilikuwa nimemwandikia majonzi.

Kuna na kukosa matumaini, ambayo programu haina kabisa kama kiingilio, na ndo niliyokuja kuitumia sehemu nyingi baadaye. Mnaweza kusema si yaleyale. Karibu, lakini mwenye kukosa labda hakuwahi kuwa nayo, amekulia hapo, ndo hali ya hewa yake, wakati aliyekata alikuwa ameshika kamba akaikata. Yule mama alikuwa mkali sana hapa, kila nilipoandika kukata tamaa anauliza alikuwa anatumaini nini kabla? Kama kwenye sentensi hakuna jibu anafuta anaweka kukosa matumaini. Nilinuna siku ya kwanza. Siku ya pili nikaanza kumwibia mbinu.

Fadhaa sina mengi, fadhaa ni mtikisiko, akili inazunguka haijui ishike lipi, na mwenye fadhaa bado anatafuta pa kutokea. Aliyekata tamaa ametulia. Utulivu ule wa kutisha, lakini ametulia. Kuziweka sehemu moja ni kama kuweka mafuriko na ukame kwenye fungu moja kwa sababu zote ni habari za maji.

Unyonge wa kuona huna la kufanya nao wameuchanganya. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, watafiti wa Marekani, walichapisha majaribio yao ya mbwa waliopigwa shoti za umeme ambazo hawakuwa na namna ya kuzizima, baadaye wakawekwa sehemu ambayo wangeruka tu kizuizi kifupi wakawa salama, na wengi wakalala chini wakazipokea. (Majaribio ya kikatili, siyatetei.) Waliyoyaona ni kiumbe kujifunza kwamba juhudi zake hazibadilishi kitu. Hiyo inahusu mikono, kwamba mikono yangu haifai. Mtu anaweza kuwa hivyo na bado anatumaini, anasema mi siwezi ila labda daktari ataweza, labda kaka atatuma, labda Mungu. Akishafika kwamba hata hao hawawezi ndo ameingia chumba kingine.

Na hapo kwenye labda Mungu kuna neno tawakali, nikajaribu nione. Imewekwa pamoja na kukata tamaa na kusalimu amri. Hapa nilipiga meza kidogo. Kwa nje ni kweli wanafanana, wote wameacha kuhangaika, wote mikono chini, ukipiga picha hutowatofautisha. Anayetawakali ameacha kwa sababu anaamini kuna anayeshughulikia, aliyekata tamaa ameacha kwa sababu anaamini hakuna. Kusalimu amri nako ni kwa mshindani, mtu anasalimu amri mchana na jioni anapanga mechi ya marudiano. Hata liwalo na liwe wameitia kwenye kapu hilohilo, wakati ile ina moto ndani yake, mtu anayesema liwalo na liwe yuko mlangoni kavaa viatu.

Sasa sonona. Hii naomba watengenezaji wairekebishe hata kama hawatagusa kingine, kwa sababu hapa neno likikosewa mtu anaumia. Sonona ni ugonjwa, una dalili zake, usingizi, hamu ya chakula, mwili mzito, kupoteza raha ya vitu, na madaktari wanataka ziwe zimekaa kama wiki mbili hivi kabla hawajaita hivyo. Kukosa matumaini kunaweza kuwa dalili mojawapo, ila si ugonjwa mzima, na kuna watu wana sonona wanaamini watapona. Ushahidi upo kwenye kazi ya daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, mwaka 1961 alitoa dodoso la vipengele 21 la kupima sonona, likatumika kila mahali, na bado mwaka 1974 yeye na wenzake wakatoa dodoso lingine, sentensi 20 za kweli au si kweli, la kupima kukosa matumaini peke yake, unavyoiona kesho na basi. Kama ni kitu kimoja la pili lilikuwa la nini? Na walipowafuatilia wagonjwa wakakuta hilo la kukosa matumaini linaonya juu ya hatari ya mtu kujiua vizuri kuliko ukali wa sonona wenyewe. Kwa hiyo anayeandika kijitabu akaweka neno moja badala ya lingine anamfanya msomaji aangalie machozi wakati alitakiwa asikilize "kesho ipi".

Jaribio langu la mwisho kwenye ubaya lilikuwa lile jina walilolileta wachumi wa Marekani, Anne Case na Angus Deaton, waliotoa utafiti mwaka 2015 wakionyesha vifo vya Wamarekani weupe wa umri wa kati vinaongezeka badala ya kupungua, kwa kujiua, kwa dawa za kulevya na pombe, na kwa magonjwa ya ini, na vifo vya namna hiyo wakaja kuviita vifo vya kukata tamaa. Nikaliweka kwenye programu kama maneno mazima, ikanipa "vifo vya huzuni". Vifo vya huzuni! Kwani kuna vifo vya sherehe? Hoja nzima ya wale wachumi ni kwamba watu waliona maisha yao hayaelekei popote, ukiweka huzuni umeibakiza rambirambi ukatupa hoja.

Haya, uzuri sasa, maana nyota mbili hazikutoka hewani.

Kuna ukurasa ukitelezesha kidole kushoto unaitwa Asili, na aliyeandika ukurasa huo hakika si yule wa vidude vya bluu, labda hawasalimiani hata ofisini. Pale despair inafuatwa mpaka Kilatini, desperare, kiambishi cha kuondoa pamoja na kutumaini, yani kuondokewa na tumaini, na hakuna huzuni humo ndani hata punje. Kihispania kimebaki na esperar ambayo ni kungoja na kutumaini kwa neno moja, ikawa desesperar ni kama kuacha kungoja. Mi hilo lilinikaa siku nzima, mtu wa kituo cha basi, ameinuka kwenye benchi, hajapanda basi, ameondoka tu. Alafu Kijerumani wanasema Verzweiflung na ndani yake kuna Zweifel, shaka, na Kidenmaki vilevile, Fortvivlelse ina tvivl ndani yake, shaka pia, na shaka hiyo kwenye Kijerumani ni ndugu wa zwei, mbili, kwa sababu mwenye shaka ana njia mbili mbele yake hajui ashike ipi. Kwa hiyo wenzetu hao walifika palepale kwa barabara nyingine, sisi tunakata tamaa, Kilatini kinaondoa tumaini, wao wanaizidisha shaka mpaka inammeza mtu.

Na hapohapo pamenionyesha kitu nilichokuwa nakisoma miaka yote bila kukiona. Paulo kwenye barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 4 mstari wa 8, Biblia ya Kiswahili inatenganisha kuona shaka na kukata tamaa, la kwanza wanalo la pili hawana. Kumbe kwenye Kigiriki ni neno moja na mtoto wake, aporoumenoi na exaporoumenoi, kukosa njia na kukosa njia mpaka mwisho kabisa. Mfasiri wa Kiswahili hakuwa na mchezo huo wa kiambishi mkononi, akachukua maneno mawili tofauti kabisa, shaka na tamaa, na bado ngazi ikabaki ngazi. Hiyo ndo kazi. Nilisimama nikamvulia kofia nikiwa peke yangu chumbani.

Ukurasa huo pia unasema tumaini limetoka kwenye neno la Kiarabu la kutulia, moyo uliotulia. Tamaa inanyoosha mkono, tumaini limekaa. Labda ndo maana tunakata tamaa lakini matumaini kwa kawaida hatuyakati, yanapotea, yanafifia, yanatoweka, hakuna mkono uliofanya. Hii ya mwisho ni yangu, msiende kuwadai wao.

Vingine kwa haraka. Inafanya kazi bila intaneti, safi. Sauti ya kutamka ni ya roboti anayesoma ng'ombe kama ngombe, isamehe au izime. Maandishi madogo mno kwa sisi tulioanza kunyoosha simu mbali na uso. Betri haili sana. Matangazo hakuna ukishalipia.

Kastama kea niliwaandikia, barua pepe ndefu, yenye Yakobo na kila kitu. Walijibu baada ya siku nne na kwa heshima, nawapa hiyo. Wakasema visawe vyao havichaguliwi na mtu, mashine inasoma maandishi mengi na kuangalia neno gani linatokea karibu na maneno gani, alafu yale yanayotokea mazingira yanayofanana inayaweka jirani. Nikaelewa basi matumaini yalifikaje kwenye orodha ya kukata tamaa! Maana ukifikiria, hayo mawili yanakaa sentensi zilezile, amekata tamaa ya kupona, ana matumaini ya kupona, mgonjwa yuleyule, kitanda kilekile, mashine inaona majirani wazuri inawaozesha. Kinyume na kisawe kwake ni nyumba moja. Sina ugomvi na mashine, haijawahi kungoja basi. Ugomvi wangu ni na aliyeona orodha ile akaipaka bluu akaiuza.

Apdeti imekuja wiki iliyopita, nikaenda mbio kwenye despair. Kukata tamaa sasa ni la kwanza, safi sana. Matumaini yametolewa. Huzuni kubwa ipo bado, namba mbili. Jikatia tamaa haipo, tiketi wameiondoa lakini, sasa inasema tu "Hakuna matokeo". Sonona bado imekaa na wenzake kama kisawe na hilo nimewaandikia tena, safari hii kwa ufupi, mistari miwili.

Kama we ni mwanafunzi au unaandika kwa kujifurahisha, chukua ile ya bure usome ukurasa wa Asili, utafurahi. Kama maandishi yako yanaenda kusomwa na mtu mwenye shida, usibonyeze kidude, tafuta mama mwenye kalamu nyekundu. Mi malipo yangu yanaisha mwezi wa tatu kutoka sasa na sijaamua, ila jana usiku simu ikalia, notifikesheni, ni wao: "Muda wako unakaribia kuisha. Usiwe na huzuni kubwa! Lipia sasa uendelee kujifunza."